Uzi: Kabla ya kushusha giaboksi, tuikague kwanza haidroliki ya klachi

Mwanzisha uzi (fundi, Tabora mjini)

Heshima kwenu, wana jukwaa. Mimi ni fundi wa magari hapa Tabora mjini, na nimeufungua uzi huu kwa sababu ya jambo ambalo limekuwa likiniuma kwa muda mrefu. Magari mengi ya gia za mkono yanayoletwa kwangu kwa maneno ya kwamba klachi imekwisha hayana klachi iliyokwisha. Kilichokwisha ni mafuta yaliyomo katika mfumo wa haidroliki, yaani ule unaotumia mafuta kupeleka nguvu ya pedali hadi kwenye klachi, au raba ndogo iliyochanika ndani ya silinda. Hata hivyo, mwenye gari anapofika kwangu huwa amekwishalipia kazi ya kushusha giaboksi, amekwishanunua pleti, presha na beringi, yaani vipuri vya klachi vinavyokaa kati ya injini na giaboksi, na pedali bado inazama.

Wiki mbili zilizopita ililetwa pikapu kutoka upande wa Sikonge, ikivutwa kwa kamba. Mwenyewe hubeba asali na nta kutoka porini. Alinieleza kwamba wiki tatu kabla ya hapo gereji moja ilimbadilishia klachi nzima, na siku za mwanzo gari lilikwenda vizuri kabisa. Baadaye rivasi ikaanza kukwaruza, kisha gia ya kwanza ikagoma kuingia injini ikiwa inaunguruma, na hatimaye pedali ikalala sakafuni isirudi. Alikuwa na hakika kwamba ameuziwa pleti bandia, na alitaka tuishushe giaboksi siku hiyohiyo.

Nilimwomba anipe dakika kumi. Nikaingia chini ya gari, nikaishika ile kofia ya mpira inayoziba mdomo wa silinda ya chini ubavuni mwa giaboksi, nikaivuta nyuma kidogo kwa ncha ya bisibisi. Mafuta meusi kama majani ya chai yaliyochemka kutwa nzima yakamwagika hadi kwenye kiwiko changu, yakiwa na chengachenga za mpira na tope laini jekundu. Pleti yake haikuwa na kosa lolote.

Kwa nini silinda ife mara tu baada ya klachi mpya kufungwa? Hapa ndipo wengi tunapopotea, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu. Ukikanyaga pedali, fimbo yake inaisukuma pistoni ya masta silinda, ile ya juu iliyo karibu na pedali, na mafuta yaliyofungiwa ndani ya bomba yanaupeleka msukumo ule hadi silinda ya chini, ambayo baadhi yetu huiita sleva. Kanuni ni ile aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: shinikizo linalotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Pistoni ya chini inaisukuma foki, ule mkono wa chuma unaoingia kwenye giaboksi, na foki inaisukuma beringi, beringi inaibonyeza springi ya presha, na pleti inaachiliwa.

Sasa, pleti inapolika mwaka hadi mwaka, vidole vya springi ya presha husogea nyuma kuelekea giaboksi, na pistoni ya silinda ya chini husukumwa ndani zaidi kidogo kidogo. Ndiyo maana katika gari lenye klachi iliyochoka mafuta ya kwenye kikopo cha akiba huweza kupanda badala ya kushuka. Wakati huohuo ile sehemu ya silinda iliyo karibu na mdomo, ambayo pistoni haipiti tena, inakusanya tope na kutu. Ukifunga pleti mpya, nene, pistoni inarudi nje na kuanza kufanya kazi palepale penye kutu. Raba ambayo kwa miaka ilikuwa ikiteleza kwenye chuma laini sasa inasuguliwa kwenye chuma chenye makovu. Haichukui muda inachanika. Huyu bwana wa asali hakuibiwa pleti, ila aliyefanya kazi ile hakuifungua kofia ya mpira kutazama kilichokuwa ndani.

Kwa hiyo ninawasihi mafundi wenzangu na madereva, tutofautishe magonjwa mawili. Ikiwa injini inapanda mlio lakini gari halivuti, hasa mlimani au likiwa na mzigo, klachi inateleza, na hapo mara nyingi pleti ndiyo yenye shaka. Ikiwa gia zinaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini zinagoma au zinakwaruza ikiwa inaunguruma, klachi haiachii, na hapo haidroliki ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji vifaa vya ajabu. Fungua kikopo cha mafuta ya klachi uangalie kiwango na rangi. Pitisha mkono juu ya pedali, pale fimbo inapoingia kwenye ukuta wa injini, na chini yake kwenye kapeti. Pakiwa na unyevu unaoteleza, masta silinda inavuja kuelekea ndani ya gari. Nenda chini uivute kofia ya mpira ya silinda ya chini. Kisha mwombe mtu akanyage pedali polepole huku wewe ukiitazama foki. Ikiwa inasogea kidogo sana, nguvu inapotea njiani. Pedali ikipata nguvu baada ya kupampu mara tatu au nne, mna upepo ndani au raba ya masta imechoka. Ikiwa hakuna tone linalovuja popote, lakini ukiishikilia pedali inazama yenyewe taratibu, mafuta yanapita pembeni ya raba ndani ya masta silinda na kurudi kwenye kikopo. Hili la mwisho huwachanganya wengi kwa sababu kiwango cha mafuta hakipungui kamwe.

Mwenye swali aulize, nami nitajibu nikitoka gereji jioni.

Mchangiaji (dereva, Kaliua)

Shikamoo fundi. Nashukuru kwa elimu hii, nami ninaleta tatizo langu bila kuficha kitu. Mwezi uliopita pedali ya lori dogo ninaloendesha ililegea nikiwa mbali na mji. Duka la pale kijijini halikuwa na mafuta ya breki, nikashauriwa niongeze mafuta ya staringi. Siku mbili za kwanza pedali ilikuwa nzuri kuliko hata mwanzo. Siku ya tatu ikawa nzito, ikawa inachelewa kurudi, na sasa imelegea kabisa. Je, nikiyamwaga hayo na kuweka mafuta ya breki itatosha?

Mwanzisha uzi

Marahaba, kijana wangu. Umefanya vizuri kusema ukweli wote, kwa sababu fundi akifichwa jambo la namna hii anaweza kubadilisha vipuri vitatu na bado asiupate ugonjwa.

Haitatosha. Raba zilizomo katika mfumo huu zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki ya aina ya glaikoli, yaani yale yanayoandikwa DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1 (DOT ni alama ya daraja la mafuta ya breki). Zikikutana na mafuta yatokanayo na mafuta ghafi, yawe ya injini, ya staringi, dizeli au mafuta ya taa, zinayanywa na kuvimba. Ndiyo maana siku za kwanza pedali ilikuwa nzuri: raba zilikuwa zimenenepa na kuziba pale zilipokuwa zikivujisha. Kisha zinalainika kama ubani uliotafunwa, zinakwama, na kumomonyoka.

Kwanza hakikisha kwa jaribio dogo. Chukua glasi ya maji safi, uvute mafuta kidogo kutoka kwenye kikopo kwa bomba la sindano, uyadondoshe ndani. Mafuta ya breki ya glaikoli yatachanganyika na maji yapotelee humo. Ukiona duara za mafuta zimeelea juu, mfumo umechafuliwa. Katika hali hiyo badilisha raba za masta silinda na za silinda ya chini, badilisha ile hosi ya mpira, na usisahau mpira ulio chini ya kifuniko cha kikopo. Bomba la chuma lioshwe kwa spiriti, si kwa petroli, kisha lipulizwe hadi likauke. Ukiacha hata raba moja iliyokwishakunywa mafuta yale, baada ya muda utairudia kazi yote.

Kabla ya hayo yote, nijibu jambo moja: kikopo cha klachi katika gari lako ni cha peke yake, au klachi na breki zinanyonya kutoka kikopo kimoja? Ikiwa ni kimoja, tafadhali usilitembeze gari hilo hata mita mia moja, kwa sababu raba za breki nazo zimo hatarini.

Mchangiaji (dereva, Kaliua)

Kikopo ni cha peke yake, fundi. Nimekwenda kuhakikisha sasa hivi kwa tochi. Gari limesimama, na nitalifanya jaribio la glasi kesho asubuhi.

Mchangiaji (fundi, Nzega)

Salaam, fundi mwenzangu. Nakubaliana na mengi uliyoyaandika, lakini nina neno kuhusu vipuri. Wateja wetu wengi hawana uwezo wa kununua silinda nzima kila raba inapochanika. Mimi huifungua silinda, nikaisugua ndani kwa msasa laini, nikafunga raba mpya za ripea kiti, yaani seti ya raba za kukarabatia, na magari yanaondoka. Si vyema tukawatisha watu wakadhani kwamba bila silinda mpya hakuna matengenezo.

Nami niongeze jambo ambalo hukuligusa. Niliwahi kupokea gari ambalo klachi ilikuwa inateleza kila linapopata moto, na likipoa inashika. Pleti ilikuwa imebadilishwa mara mbili. Kosa lilikuwa kwenye fimbo ya pedali: mtu aliirefusha ili pedali ishike juu, hadi ukawa hakuna mchezo hata kidogo, yaani ile nafasi tupu kabla pedali haijaanza kusukuma. Ndani ya masta silinda kuna kitundu kidogo kinachoruhusu mafuta kurudi kwenye kikopo pedali inapoachiwa. Fimbo ikiwa ndefu mno, pistoni hairudi hadi mwisho, kitundu kinabaki kimezibwa, na mafuta yakipata joto yanatanuka bila pa kwenda. Yanaibonyeza klachi bila dereva kukanyaga kitu, na pleti inaungua. Niliifupisha fimbo kwa spana mbili tu.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, mwenzangu, kwa hilo la fimbo. Nililisahau, na ni la maana mno, kwa sababu linaonyesha kwamba hata kuteleza kwa klachi kunaweza kutokea kwenye haidroliki. Kwa manufaa ya wasomaji, vitabu vya huduma vya magari mengi ya Toyota hutaka mchezo wa pedali uwe kati ya milimita 5 na 15, na katika huo, mchezo wa fimbo yenyewe, ukipimwa juu ya pedali, uwe kati ya milimita 1 na 5. Bonyeza pedali kwa kidole, si kwa mguu, utausikia.

Kuhusu ripea kiti, sipingani nawe kwamba ni halali, na mimi mwenyewe huifunga. Ninachopinga ni kuifunga bila kupima ukuta wa silinda. Isafishe kwa spiriti, ikaushe, kisha ipitishe ukucha wako ndani, kuanzia mdomoni hadi chini. Ukucha ukiteleza bila kukwama, funga raba mpya, uzipake mafuta mapya ya breki kabla ya kuziingiza, nayo itadumu. Ukucha ukikwama kwenye shimo la kutu, msasa hautasaidia: utapanua kipenyo, na raba iliyotengenezwa kwa kipenyo cha awali itabaki imelegea. Silinda za aluminiamu zina shida zaidi, kwa kuwa nyingi zimepakwa tabaka gumu ndani, na msasa unaliondoa. Mteja asiye na uwezo ndiye hasa anayeumizwa na kazi ya kurudiarudia, maana kila mara analipia raba, mafuta na siku ambayo gari halikufanya kazi. Mimi humwonyesha lile shimo kwa macho yake, kisha yeye ndiye anayeamua.

Mchangiaji (fundi, Nzega)

Hilo la kupima kwa ukucha nimelipokea. Kusema kweli, zipo silinda nilizozisugua zikarudi baada ya mwezi, nami nilidhani raba ndizo zilizokuwa mbovu.

Mchangiaji (mama, Kigoma)

Habari zenu, mafundi. Mimi ni mwalimu, ninaishi Kigoma, na nina gari dogo ninalopandia milima ya kwenda Manyovu mara kwa mara. Nikipanda mchana wa jua kali, na hasa nikikutana na malori yanayonilazimu kwenda na kusimama, pedali ya klachi inakuwa laini kama sifongo na gia zinakuwa ngumu kuingia. Nikipumzika nusu saa, inarudi kama kawaida. Fundi wangu amesema tushushe giaboksi tubadilishe klachi. Kikopo changu ni kimoja cha breki na klachi. Naombeni ushauri kabla sijatoa fedha.

Mwanzisha uzi

Habari nzuri, mama. Hiyo dalili ya kulegea kwenye joto na kurudi kukipoa inanipeleka moja kwa moja kwenye mafuta yenyewe. Mafuta ya breki ya glaikoli hufyonza maji kutoka hewani, hata kikopo kikiwa kimefungwa, kupitia hosi na raba. Kadiri yanavyofyonza maji ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishafyonza maji hadi takriban asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka, mvuke unajaa ndani ya bomba, na mvuke unabonyea tofauti na mafuta. Mguu wako unaubonyeza mvuke, na klachi haipati kitu.

Muulize fundi wako ni lini mafuta yale yalibadilishwa mara ya mwisho. Ikiwa imepita miaka miwili, au hakuna anayekumbuka, yabadilishe yote kabla ya jambo jingine lolote, katika klachi na katika breki pia. Hili la breki ninalisisitiza, mama. Kwa kuwa kikopo ni kimoja, mafuta yanayochemka kwenye klachi ndiyo hayohayo yaliyomo kwenye breki zako unapoteremka mlima ule kurudi mjini. Katika vikopo vya aina hiyo, mdomo wa bomba la klachi huwekwa juu zaidi ili mafuta yakivuja klachi ikose kwanza na breki zibaki na akiba. Kwa hiyo klachi ikianza kulegea, ichukue kama taarifa ya awali kuhusu breki.

Atumie DOT iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. DOT 4 inaweza kuwekwa panapotakiwa DOT 3. Lakini DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine, na asidanganywe na jina lake kufanana na DOT 5.1. Anunue kopo lililofungwa, si lililokuwa wazi rafuni, na mafuta yasidondokee rangi ya gari, kwa sababu yanaibabua.

Ikiwa baada ya mafuta mapya tatizo litabaki, yawezekana gari lako lina silinda ya chini ya duara, inayokaa ndani ya giaboksi ikiwa imeshikamana na beringi. Hiyo hukaa jirani kabisa na joto la klachi, na kuifikia ni lazima giaboksi ishuke. Hapo tu ndipo ushauri wa fundi wako utakuwa na nafasi, na giaboksi ikishashuka, pleti na silinda ile vibadilishwe pamoja. Nawe mlimani, unaposubiri lori lisogee, tumia breki ya mkono. Usilishikilie gari kwa klachi iliyokanyagwa nusu.

Mchangiaji (mama, Kigoma)

Nashukuru sana. Mafuta hayajabadilishwa tangu nilinunue gari, na sasa ni mwaka wa nne. Naomba pia utueleze jinsi ya kutoa upepo, ili nikiwa gerejini nijue kinachofanyika.

Mwanzisha uzi

Kazi hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa haraka. Kwanza kikopo kijazwe mafuta mapya. Mpira mwembamba unaong'aa, hata ule wa dripu, unavalishwa kwenye nati ya kutolea upepo ya silinda ya chini, na ncha ya pili inazamishwa ndani ya chupa yenye mafuta mapya kidogo. Msaidizi anakanyaga pedali polepole hadi chini na kuishikilia. Fundi analegeza nati kwa robo ya mzunguko, kwa spana namba 8 au 10 kutegemea gari, na mapovu yanatoka. Kisha anakaza nati kwanza, ndipo msaidizi anapoiachia pedali. Ikiachiwa kabla ya nati kukazwa, silinda inavuta hewa upya. Mwanzoni pedali huenda isirudi yenyewe, na msaidizi aivute kwa mkono. Kikopo kisiachwe kishuke chini ya nusu. Rudieni hadi mafuta yapite kwenye mpira yakiwa safi, bila povu hata dogo kama kichwa cha sindano.

Upepo ukigoma kutoka, zipo njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni kuilegeza nati, ukaacha mafuta yateremke yenyewe kwa dakika 15 au 20, huku ukiongeza juu. Ya pili ni kuyasukuma mafuta kutoka chini kwenda juu kwa bomba kubwa la sindano, kwa kuwa hewa kwa asili yake hupanda. Mara nyingine silinda imekaa kwa namna ambayo nati haiko sehemu ya juu kabisa, na povu linajificha nyuma yake. Hapo ninaifungua silinda kutoka giaboksi bila kutoa bomba, ninaisukuma pistoni hadi mwisho, ninaigeuza nati ielekee juu, kisha ninatoa upepo kwa njia ya kuteremka. Mtu asithubutu kukanyaga pedali silinda ikiwa inaning'inia, pistoni itachomoka.

Mchangiaji (dereva, Kaliua)

Fundi, narudi na taarifa. Nililifanya jaribio la glasi, na mafuta yakaelea. Vipuri vilitumwa kwa basi kutoka Tabora. Mpira wa chini ya kifuniko cha kikopo ulikuwa umevimba kiasi kwamba ulipotolewa haukuweza kurudi mahali pake, na raba za masta zilikuwa zinaacha weusi kwenye vidole. Silinda ya chini ukucha haukukwama. Tumebadilisha raba zote na hosi, tukaosha bomba kwa spiriti, tukatoa upepo kwa kuteremka na baadaye kwa pedali. Rivasi sasa inaingia bila mlio wowote.

Mwanzisha uzi

Nimefurahi mno, kijana wangu. Andika tarehe ya leo kwa kalamu isiyofutika kwenye kikopo. Baada ya wiki moja pima tena kiwango, uivute ile kofia ya mpira uone kama pamebaki pakavu. Na ukipita Tabora na mzigo, simama kwangu niangalie mchezo wa fimbo.